Kizibo cha Siku Moja

Maneno yenyewe yalimtoka akiwa anafuta mikono, bila hata kumtazama mtu usoni.

"Labda mzee anajaza oili kupita kipimo," Haron alimwambia Naeem. "Ikizidi, hutafuta pa kutokea. Na umri nao, si unajua."

Hakuwa na hakika na alichosema. Ilikuwa mara ya tatu kubadilisha sili, ule mpira wa kuzuia oili, katika injini ya trekta lile, na fundi anayerudia kazi moja mara ya tatu hutafuta mtu wa kumbebesha. Mara ya kwanza alisema sili imezeeka. Mara ya pili alilaumu duka la vipuri mjini, kwamba siku hizi linauza mpira wa malapa. Mara ya tatu hakubaki na wa kumlaumu, akamshika aliyekuwa karibu. Mzee Taib, baba yake Naeem, alikuwa amesimama palepale na birika la chai mkononi, akingoja fundi amalize ili ammiminie. Alimimina chai, akaongeza sukari vile Haron alivyopenda.

Trekta lenyewe lilikuwa dogo, la magurudumu mawili, lile unalotembea nyuma yake umeshika mikono yake miwili kama mtu wa mkokoteni. Injini yake ya dizeli ilikuwa na silinda moja na kelele za silinda kumi. Mzee Taib alilinunua alipomwachia mwanawe Naeem duka la vitambaa mjini na kuja kukaa naye Loresho, kwenye nyumba iliyokuwa na kichaka tu nyuma. Wazee wenzake waliostaafu walikaa msikitini wakizungumza siasa na magoti yao yanayouma. Yeye alilima. Alipanda bamia, mchicha, mihogo ya kupika na nazi kama kwao Lamu, na majani ya napia aliyowagawia majirani wenye ng'ombe. Alilima na kanzu yake, ameipandisha na kuifunga kiunoni, kofia kichwani, akiimba kwa sauti ambayo injini iliimeza yote.

Haron alikuwa fundi wa trekta hilo tangu lilipofika. Alikuwa na kibanda mtaa wa Satellite, alikotengeneza jenereta, pampu za maji na mashine za kukata nyasi. Wateja wengine wa upande ule wa Loresho walimpokelea getini. Mzee Taib alimwita Haruni, akamletea kiti, akamshikia tochi, na alipomaliza hakumwachia aondoke kabla hajala.

Basi Jumanne asubuhi Naeem alipiga simu.

"Fundi, imevuja tena. Mara ya nne hii. Mimi nimechoka na hiyo mashine. Nimepata mtu wa kuinunua, anakuja Jumamosi. Wewe njoo uifunge vizuri isimvujie mbele ya macho."

"Na mzee anasemaje?"

"Mzee amekubali. Tena si trekta peke yake, fundi. Kile kijiti cha kupimia oili, kila mara nakikuta kwa nyasi. Anakichomoa, anasahau kukirudisha. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema labda."

"Ulisema. Na mimi nikaanza kuangalia vizuri, nikaona ni kweli."

Getini alifunguliwa na Zena, mke wa Naeem. Alimsalimia, kisha akashusha sauti. "Usimpe mzee spana, tafadhali. Kuanzia leo tumemwambia apumzike, asiiguse kabisa."

Mzee Taib alikuwa barazani, kwenye kiti cha plastiki, mikono imelala mapajani. Kanzu yake ilikuwa safi, haijapandishwa. Haron hakuwahi kumwona amekaa hivyo, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Haruni." Hakuuliza habari za watoto. Siku zote aliwauliza mmoja mmoja kwa majina. Leo alifungua mdomo, akaufunga, na Haron akaelewa kwamba anaogopa kukosea jina.

Haron alisukuma trekta hadi kwenye kivuli cha ukuta, akatandika gunia, akaanza kufungua nati. Baada ya muda mzee aliinuka, akasogea, akasimama mbali kidogo na mikono nyuma.

"Sigusi," alisema. "Nitatazama tu."

"Tazama, mzee. Ni lako."

"Nikuulize kitu, usinicheke. Kile kijiti mimi nakirudisha. Nakumbuka nikikirudisha. Nakisukuma kwa kidole gumba mpaka kinagota. Kisha nikilima safu mbili tatu, nikitazama hakipo. Sasa nani anakitoa?"

Swali hilo Haron alikuwa ameshaulizwa. Safari iliyopita mzee alimwambia kijiti kinaruka chenyewe, na yeye akacheka, akamjibu, "Mzee, kijiti hakina miguu." Alilisema mbele ya Naeem, wakacheka wote wawili, na mzee akacheka nao.

"Wacha nione ndani kwanza," alisema.

Alivuta gurudumu zito la ubavuni mwa injini, akaliweka chini. Nyuma yake ndipo inapokaa sili, duara la mpira lenye mdomo mwembamba unaokumbatia shafti ili oili isitoke shafti ikizunguka. Zile tatu za kwanza alikuwa amezichokoa kwa bisibisi na kuzitupa bila kuzitazama mara mbili. Hii ya nne aliitoa polepole, labda kwa sababu mzee alikuwa amesimama pale na Haron alihitaji kazi ya kumfanya ainamishe kichwa.

Akaigeuza mwangani. Sili iliyochakaa mdomo wake huliwa, hukauka, hupasuka. Mdomo wa hii ulikuwa laini, mzima kabisa, ila ulikuwa umepinduka kuelekea nje. Na hata kabla hajaitoa, alikuwa ameona kwamba duara lenyewe limesogea upande mmoja, kama mlango uliosukumwa na mtu aliye ndani. Akapitisha ukucha kwenye shafti, hakukuta mfereji. Akaishika shafti kwa mikono miwili, akaitikisa juu na chini. Haikucheza hata kidogo. Beringi nzima, shafti nzima, mpira mzima.

Yaani hakuna kilichokuwa kimekula sili. Kuna kitu kilikuwa kinaisukuma.

Na injini haina kitu ndani cha kusukuma isipokuwa pumzi yake. Pistoni inaposhuka, moshi kidogo hupenya pembeni na kujaza tumbo la injini, na moshi huo sharti utoke, la sivyo utafungua njia wenyewe pale palipo dhaifu. Ndiyo maana kila injini ina kipumulio, tundu la kutolea pumzi. Katika injini hii kipumulio kilikuwa bomba la mpira lenye unene wa kidole, linaloanzia kwenye kifuniko cha juu, likapita nyuma ya tangi la dizeli na kuning'inia upande wa dereva. Haron alilifuata kwa vidole bila kuliona. Nyuma ya tangi, chini ya kibanio cha waya, akagusa kitu kigumu ndani ya mpira.

Vidole vilikitambua kabla ya kichwa. Alikuwa amekichonga mwenyewe.

Ilikuwa wiki ya nikahi ya Afnan, binti wa Naeem. Mzee Taib alikuwa na wazo lake, na hakuna aliyeweza kumtoa. Masufuria ya pilau yasibebwe na vijana. Yapakiwe kwenye tela la trekta, na yeye babu wa bibi harusi ayavute kutoka getini hadi kwenye hema, watu wakitazama. Shida ilikuwa moja. "Haruni, mashine hii hunitemea," alisema, akamwonyesha mkono wa kanzu uliojaa vidoa vya oili. "Zena ananinunia, havitoki hata kwa dawa. Siku hiyo nataka nipite mweupe. Siku hiyo moja tu." Haron akachukua kipande cha mpini wa jembe uliovunjika, akakichonga, akakizungushia mkanda wa bomba, akakisukuma ndani ya kipumulio na kukibana. "Ni cha siku moja," alimwambia mzee. "Kesho nakichomoa."

Mzee alipita mweupe. Wanawake walipiga vigelegele, watoto wakakimbia nyuma ya tela, na picha ya babu na masufuria yake ikatundikwa sebuleni karibu na ya maharusi wenyewe. Haron alikula pilau mpaka akalegeza mshipi. Asubuhi yake jenereta ya baa moja Westlands ilikufa, akaitwa mbio, na kile kizibo cha mpini wa jembe kikabaki pale kilipokuwa.

Sasa kilikuwa mkononi mwake, cheusi, kimelowa oili. Bomba lilitoa mlio mdogo, kama mtu aliyeshusha mzigo.

"Umeona nini?" Mzee aliuliza.

Angeweza kusema palepale. Maneno hayakuwa mengi: ni mimi, mzee, niliziba, nikasahau. Kijiti kilikuwa kinarushwa na upepo wa ndani na wewe ulikuwa unasema kweli. Lakini Zena alikuwa dirishani anatazama, na Haron aliona mbele yake safari zote nne, sili zote nne, na ile sentensi aliyoisema akifuta mikono.

"Hamna kitu, mzee," alisema. "Uchafu tu."

Akakitia kizibo mfukoni, akagongea sili mpya mahali pake, akafunga kila kitu, akawasha. Injini ilinguruma kwa raha ambayo haikuwa nayo kwa miezi. Mzee aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Imepona," alisema.

"Imepona."

"Alhamdulillahi." Akarudi kwenye kiti chake cha plastiki.

*

Alijiambia kwamba kazi imekwisha. Kosa lilikuwepo, kosa limetoka. Injini ikikaa bila kuvuja, wenyewe wataona kwamba mzee hana shida. Aliuona kama mpango mzuri, usiomuumiza mtu.

Hata hivyo kile kizibo hakukitupa. Kesho yake jioni mkewe Muthoni, akipekua mifuko ya ovaroli kabla ya kuiloweka, alikitoa na kukiinua juu.

"Hii ni nini?"

"Ni mti."

"Naona ni mti. Umenuna tangu jana, na unatembea na mti kwa mfuko. Baba Debra, kuna nini?"

Akamwambia. Muthoni alisikiliza huku amekalia ndoo, kizibo mkononi.

"Si umeshaitoa?"

"Nimeitoa."

"Basi imeisha. Mambo ya huyo mzee ni ya watoto wake, na wako na uwezo, watampeleka kwa daktari. Wewe ukienda kujitangaza huko, nani Loresho atakuletea mashine tena? Hao watu huongea." Akamrushia kizibo. "Tupa hiyo takataka kwa jiko."

Haron alisimama mbele ya jiko. Kilikuwa kimelowa oili, kingewaka vizuri. Akakirudisha mfukoni.

Alhamisi mchana Naeem alipiga simu, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo ambalo Haron hakulizoea.

"Fundi, nimepiga tu kukushukuru. Nimeiwasha hiyo mashine jana jioni, nikalima nayo. Leo pia, kabla ya kwenda dukani. Hakuna hata tone. Kijiti kiko mahali pake."

"Vizuri."

"Si vizuri. Unaelewa? Mtu ambaye hajaigusa ni mzee peke yake, na imeacha kuvuja. Mimi nilikuwa bado natumaini ni mashine. Kumbe ulisema kweli tangu mwanzo, ni yeye."

Haron alikaa chini juu ya jenereta ya mtu.

"Na amejua," Naeem aliendelea. "Nilimwambia haivuji, nikidhani atafurahi. Akaniangalia tu. Asubuhi amekuja na funguo zake za duka, zile amekuwa nazo tangu sijazaliwa. Ameziweka kwa meza. Akasema nisimwachie kitu cha kupoteza. Zena anamtafutia mtu wa kumpeleka msikitini na kumrudisha. Haya, fundi. Asante kwa ukweli wako."

Simu ilikatika. Kijana wa bodaboda aliyekuja kuchukua pampu ya bosi wake alimwuliza Haron kama anaumwa. Haron akamjibu aende, pampu haijawa tayari, ingawa ilikuwa imesimama pale mbele yao imekamilika.

Sasa aliona jinsi alivyofanya. Alipokuwa anabadilisha sili bila kujua, alikuwa fundi mzembe. Lakini Jumanne, alipokitia kile kizibo mfukoni na kufunga mdomo, ndipo alipomhukumu mzee. Kila siku ambayo injini haikuvuja ilikuwa shahidi mwingine dhidi ya Mzee Taib, na kadiri ukarabati ulivyokuwa mzuri ndivyo ushahidi ulivyozidi nguvu.

*

Jumamosi alifika Loresho bila kuitwa. Pikapu ilikuwa tayari uani, imeshusha kilango cha nyuma, na mnunuzi, mkulima mmoja mnene kutoka upande wa Kikuyu aitwaye Jamleck, alikuwa anazunguka trekta akilipigapiga magurudumu kwa kiatu. Naeem na Zena walikuwa wamesimama naye. Mzee alikuwa barazani, uso ameugeuzia ukutani, kama mtu asiyetaka kuona ng'ombe wake akipakiwa.

"Fundi! Umekuja kuiaga?" Naeem alisema.

"Nimekuja kusema kitu." Haron alitoa kizibo, akakinyoosha mbele kwenye kiganja. Alikuwa amejipangia maneno njiani, yote yakamkimbia. "Hii ndiyo ilikuwa inavujisha. Niliiweka mimi, siku ya nikahi ya Afnan, ndani ya bomba la kupumulia, isiteme oili kwa kanzu ya mzee. Nikasahau kuitoa. Injini ikakosa pumzi, ikawa inasukuma sili nje. Na kijiti. Kijiti kilikuwa kinarushwa na upepo. Mzee hakusahau kitu chochote."

Zena alitazama kile kipande cha mti, akamtazama mumewe.

Naeem alimshika Haron bega, akamsogeza kando. Macho yake yalikuwa mekundu. "Fundi, Mungu akubariki," alisema chini chini. "Najua unampenda. Lakini usimfanyie hivyo. Tumechukua siku nyingi kukubali. Ukimpa tumaini la uongo leo, kesho akisahau jiko likiwaka nitamwambia nini?"

"Si uongo."

"Jumanne ulikuwa hapa mchana mzima. Kama ungeiona hii kitu, ungesema."

Hapo ndipo Haron alipofungwa vizuri, kwa sababu mtu mwaminifu angesema Jumanne, na Naeem bado alimhesabu kuwa mtu mwaminifu.

Mzee Taib alikuwa ameinuka na kuja hadi ukingo wa baraza. "Haruni," aliita. "Njoo hapa, mwanangu." Haron akaenda. Mzee akaweka mkono juu ya kile kiganja chenye kizibo, akakifumba vidole. "Una roho nzuri. Lakini usijitwike makosa yangu. Mimi nimeshayapokea."

Haron angeweza kuvumilia kutukanwa. Hili hakuliweza.

"Mimi sina roho nzuri, mzee," alisema, na sauti ikamtoka kubwa mpaka Jamleck akageuka. "Niliiona Jumanne, nikakwambia ni uchafu. Nikaitia mfukoni nikaenda nyumbani kula. Kama hamniamini, basi njooni mtazame. Naeem! Njoo hapa."

Alipiga magoti kando ya trekta. Akalivuta bomba nyuma ya tangi, akakisukuma kizibo ndani, akakibana kwa waya kama siku ile. Kisha akachomoa kijiti cha oili, akakifuta na kumpa Naeem.

"Weka wewe. Si mimi, si mzee. Sukuma mpaka kigote."

Naeem alisita, akakiingiza, akakisukuma kwa kidole gumba.

"Kimegota?"

"Kimegota."

"Sukuma tena. Uwe na hakika, usije ukasema ulisahau."

Akavuta kamba, injini ikashika. Haron akafungua mafuta mpaka mwisho, ile kasi ya kulimia udongo mgumu. Moshi ulitoka, kuku wa jirani wakatawanyika. Jamleck alipiga kelele juu ya kelele, "Hebu, jamani! Mnachoma mashine mbele ya mnunuzi?" Wote walitazama kile kijiti. Hakikufanya kitu. Kilitetemeka tu pamoja na injini. Kisha kikapanda kidogo, upana wa kucha. Kikasimama. Kikapanda tena. Halafu kikaruka, tik, kikapinduka hewani na kuanguka kwenye nyasi karibu na ndala za Zena, na nyuma yake tundu likatema ukungu wa oili.

Zena aliziba mdomo kwa mtandio.

Haron hakusimama. Alikiokota, akakirudisha, akakifunga kwa waya kisiweze kuruka, akafungua mafuta tena. Sasa pumzi haikuwa na pa kwenda. Hawakungoja sana. Chini ya lile gurudumu zito la ubavuni, mstari mweusi ulianza kushuka, mwembamba, kisha mnene, ukadondoka juu ya zege tone baada ya tone. Ilikuwa ile sili mpya aliyoigongea Jumanne kwa mkono wake, kazi safi kuliko zote alizofanya pale, na aliitazama ikifa.

Akazima. Masikio yalibaki yakivuma.

"Na kijiti kikiwa kimefungwa, inavuja," Naeem alisema polepole, kama mtu anayejisomea. "Kikiwa hakijafungwa kinaruka." Aligeuka kumtafuta baba yake.

Mzee Taib alikuwa ameshuka barazani peku. Aliinama, akakifungua kijiti kutoka kwenye waya, akakishika mbele ya macho yake kwa mikono miwili. Haron alidhani atalia, na pengine alikaribia.

"Kijiti hakina miguu," mzee alisema. "Uliniambia hivyo, Haruni."

"Nilikwambia."

"Mbele ya mwanangu."

"Ndiyo, mzee."

"Wajua mimi usiku nimekuwa nikifanya nini? Natajataja majina ya wajukuu. Nawataja wote, nikimaliza naanza upya, nione kama kuna aliyenipotea. Nimemwomba Mwenyezi Mungu anichukue kabla sijamsahau wa kwanza." Sauti yake haikupanda. "Na wewe ulikuwa na dawa yangu mfukoni."

Haron alikuwa bado amepiga magoti. Alifungua mdomo kusema nisamehe, akaona neno lenyewe ni dogo, linafaa mtu aliyekukanyaga mguu. Akalisema hata hivyo. Mzee hakulipokea wala hakulikataa.

Naeem alikuwa amejiegemeza kwenye pikapu ya mnunuzi, viganja usoni. Zena akamgusa mkono, akaingia ndani, akatoka na funguo za duka. Hakuna aliyemwagiza. Akaziweka kwenye kiti cha plastiki, pale ambapo mzee hukaa.

"Sasa," Jamleck aliuliza, "inauzwa ama haiuzwi?"

"Haiuzwi," mzee alijibu bila kumtazama. "Naeem, mpe mgeni chai."

Kisha akaipandisha kanzu, akaikunja na kuifunga kiunoni, akavuta gunia na kukaa chini kabisa, goti lake karibu na goti la Haron.

"Una sili nyingine?"

"Ninayo." Alikuwa ameibeba kutoka Satellite.

"Itie. Na leo nashika tochi mimi, na nitatazama mkono wako."

Haron alifanya kazi. Mzee hakusimulia kisa chochote cha Lamu, hakuuliza habari za Satellite. Alimulika pale mikono ilipokuwa na hakuuondoa mwanga. Nati ikifungwa, aliigusa kwa kidole kuona kama imekaza. Haron alipochomoa kizibo, mzee alinyoosha mkono, akapewa, akakitia kwenye mfuko wa kanzu yake. Mara moja Haron alikosea spana, akachukua kubwa badala ya ndogo, na mzee akamsukumia ile ndogo.

Chai ililetwa kwa Jamleck barazani, na harufu ya iliki ikafika hadi pale gunia lilipo. Kikombe cha pili hakikuja.

Injini ilipowashwa, walikaa wote wawili wakiitazama, hadi mzee aliporidhika. Akaizima mwenyewe. Akangoja oili itulie, akachomoa kijiti, akakifuta kwenye mkono wa kanzu yake nyeupe, mstari mrefu mweusi kutoka kifundo hadi kiwiko, Zena akitazama. Akakitumbukiza, akakitoa, akasoma. Akakirudisha na kukisukuma kwa kidole gumba.

"Kimegota," alisema.

"Kimegota, mzee."

Haron alikusanya spana zake, akaaga. Mzee Taib alikuwa ameshashika mikono ya trekta, analigeuzia kwenye bamia zake. Alimwacha Haron afike karibu na geti ndipo akaita.

"Haruni."

"Naam, mzee."

"Debra hajambo?"

Haron alisimama. "Hajambo."

"Na Jacklyne? Na yule mdogo, Mwihaki?"

"Wote hawajambo, mzee."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyehesabu kitu akakikuta kamili. Kisha akavuta kamba, injini ikanguruma, na bomba la kipumulio likaanza kuitemea oili kanzu yake.